Nitajuaje kama Juba ni salama kwa wakunga wangu?

SWALI: Shikamoo. Naongoza shirika dogo hapa Moshi linalofundisha wakunga. Mfadhili wetu anataka tupeleke wakufunzi wanne Juba, Sudan Kusini, kwa miezi sita, wafundishe wodini na chuoni. Ametutumia fomu ya kutathmini hatari yenye jedwali la rangi nyekundu, njano na kijani, na anaitaka baada ya wiki tatu. Mimi sijawahi kufika Juba. Tahadhari za safari za serikali za Ulaya na Marekani zinasema usiende. Watu wa huko niliozungumza nao wanasema mji umetulia, njooni tu. Nimwamini nani, na fomu hii naijazaje bila kudanganya?

JIBU: Marahaba, dada. Hilo neno lako la mwisho, kujaza fomu bila kudanganya, ndilo lililonifanya niandike kirefu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa usalama wa mashirika, sehemu yake nikiwa Juba, na fomu nyingi ninazoletewa nizikague hapa Arusha zimejazwa na watu waaminifu kabisa. Kosa lao ni kwamba wameutathmini mji.

Juba nzima huwezi kuitathmini. Unayeweza kumtathmini ni mkufunzi wako mmoja, tuseme mama wa miaka thelathini na mitano kutoka Rombo, anayetoka nyumba fulani saa moja asubuhi kwa gari fulani na dereva fulani, anakwenda wodi fulani, anarudi saa fulani. Mwandike hivyo kwenye karatasi, siku yake nzima tangu anapoamka mpaka anapolala, halafu jiulize katika kila hatua nani anaweza kumdhuru na kwa sababu gani. Hapo ndipo fomu inaanza kusema kweli.

Tahadhari za zile serikali ziko sahihi kwa wanaoandikiwa. Zinaizungumzia nchi nzima kwa mkupuo, na anayeziandika anafikiria pia kama ubalozi wake utaweza kumtoa raia wake mambo yakichafuka. Zisome upate matukio na majina ya maeneo. Wenyeji wako nao hawakudanganyi. Mtu aliyepita mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 akiwa pale pale mjini, siku ambayo soko la Konyo Konyo limefunguliwa na watoto wamekwenda shule, ataiita siku tulivu, na ni tulivu kweli. Ila amekupa habari ya leo, na wewe unataka habari ya miezi sita.

Sasa tuje kwa wakunga. Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye swali lako ni wodi, kwa sababu watoto hawazaliwi saa za ofisi. Mkufunzi mzuri wa ukunga atataka kuwa na wanafunzi wake zamu ya usiku, maana huko ndiko mama anakotokwa na damu nyingi hakuna daktari karibu. Na Juba, kwa miaka mingi, usiku ndio wakati wa unyang'anyi wa bunduki, barabarani na majumbani. Bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini kwenda Bandari ya Sudan lilipasuka Februari 2024 katika eneo la vita vya Sudan, mapato ya serikali yakaporomoka, na watumishi pamoja na askari wakakaa miezi mingi bila mshahara. Watu wenye silaha wasiolipwa wakiwa kwenye vizuizi vya barabarani saa tano usiku ni tishio ambalo hakuna nembo ya shirika kwenye mlango wa gari itakayoliondoa.

Kwa hiyo amua mapema, na uandike: zamu ya usiku hakuna, au ikiwepo, mkufunzi anaingia hospitali jua likiwa juu, analala humo humo, anatoka kumekucha. Chumba cha kulala hospitalini kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na awepo mwenzake. Usikubali njia ya kati ya "atarudi na gari la wagonjwa". Gari la wagonjwa usiku linasimamishwa kama gari lingine lolote, na likiitwa kwa dharura mtu wako anabaki njiani.

Jambo dogo ambalo nimeona likiwapotosha watu: tangu Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma yetu kwa saa moja. Jua linazama huko karibu saa kumi na mbili jioni kwa saa zao, wakati Moshi ni saa moja usiku. Mkikubaliana kwamba wakufunzi watapiga simu "saa kumi na mbili" kuthibitisha wako nyumbani, andika ni kumi na mbili ya wapi. Mtu asipopiga, ile saa moja ndiyo mnayoihitaji kumtafuta kabla giza halijaingia.

Kuhusu jedwali la rangi, lijaze kwa kuwa mfadhili analitaka, lakini ujue linapoficha. Fomu hizi huzidisha uwezekano kwa athari, kila kimoja moja hadi tano. Kuporwa simu barabarani: uwezekano 5, athari 2, alama 10. Kunaswa katikati ya mapigano ya majeshi: uwezekano 2, athari 5, alama 10. Zote zinatoka njano, kana kwamba ni ndugu. Ya kwanza unaipunguza kwa mazoea: simu haitolewi dirishani, mtu hatembei peke yake, vioo vinapandishwa. Ya pili huna uwezo wa kuipunguza hata kidogo. Unachoweza ni kutokuwepo, au kuwepo ukiwa umejiandaa. Chini ya kila alama andika sentensi mbili za maneno ya kawaida: hili tunaliepuka vipi, na likitokea tunafanya nini usiku ule ule.

Na hili la mapigano linahitaji nafasi yake, kwa sababu unapeleka watu mji mkuu. Wilayani, vita mara nyingi husikika vikija: vijiji vinahama, barabara inafungwa, ng'ombe wanaondolewa. Katika mji mkuu vinaweza kuanzia ndani ya uzio wa ikulu, maana wenye majeshi wote wanaishi humo, kila mmoja na walinzi wake. Tazama 2013. Julai, Rais Salva Kiir alimwondoa makamu wake Riek Machar pamoja na baraza zima la mawaziri. Tarehe 6 Desemba Machar na wenzake walimkosoa rais mbele ya waandishi wa habari. Tarehe 14 kikafunguliwa kikao cha chama tawala, na usiku wa tarehe 15 walinzi wa rais wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe kambini. Asubuhi yake mji ulikuwa unawaka.

Januari 2015 pande za chama hicho zilikuja hapa Arusha zikatia saini makubaliano ya kuungana tena, na wengi wetu tulifurahi. Agosti mwaka huo ukafuata mkataba wa amani, na Aprili 2016 Machar akarudi Juba na askari wake. Julai 7, 2016 askari hao na wa rais wakarushiana risasi kwenye kizuizi cha Gudele, mtaa wa Juba. Siku iliyofuata wakapigana ikuluni, viongozi wote wawili wakiwa ndani. Machi 2025 mapigano yalikuwa Nasir, mbali kabisa na Juba, lakini ndani ya siku chache viongozi washirika wa Machar walikuwa wanakamatwa Juba, na kabla mwezi haujaisha Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake.

Ona kilichotangulia kila mara: mtu mkubwa ameondolewa, mwenye askari amerudi, kikao kimeitwa, mshirika amekamatwa. Hizo ni habari za redioni, kila mtu alizisikia. Kwa hiyo tengeneza kalenda ya siasa ya miezi yako sita uibandike ukutani ofisini Moshi. Uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Miezi yako inaangukia wapi ukilinganisha na tarehe hiyo? Mpe mtu mmoja kazi ya kufuatilia kila siku, si kila mtu, maana kazi ya kila mtu haifanywi na yeyote. Na mwambie kwamba ujumbe uliosambazwa katika makundi matatu ya WhatsApp bado ni chanzo kimoja, mpaka ampate mtu aliyeona kwa macho yake.

Alama nyingine ziko chini kabisa, na anayeziona ni dereva na mama wa chai. Bei ya petroli imeruka usiku mmoja. Familia za maofisa zimepanda ndege kwenda Nairobi au Kampala. Wanajeshi wamehamia shule iliyo jirani. Wenye maduka wanatoa mali dukani jioni na kulala nayo nyumbani. Mtu wenu wa Juba awe na mazoea ya kukaa kwenye benchi la chai nusu saa kila asubuhi, na nusu saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi.

Nikusimulie kilichonipata. Julai 2016 nilikuwa Juba na shirika ambalo sitalitaja. Tathmini yetu ilikuwa na kurasa arobaini na zaidi, imechapwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na "chumba salama" kimechorwa kwenye ramani ya nyumba. Risasi zilipoanza ile Ijumaa jioni tulikimbilia chumba hicho, watu tisa, tukakikuta kimejaa mabelo ya vyandarua hadi darini. Kilikuwa kimegeuzwa stoo miezi mitano kabla na hakuna aliyerekebisha karatasi. Tuliyatoa mabelo gizani kwa magoti. Jumapili risasi ilitoboa tangi la maji juu ya paa, na mlinzi wetu, mzee wa Kibari, akawa anatambaa na sufuria kukinga maji yaliyokuwa yanateremka ukutani. Ndani tulikuwa na madumu mawili tu. Mpaka leo nikiingia nyumba ya shirika lolote naomba kwanza nioneshwe chumba hicho, na mlango ufunguliwe mbele yangu.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Wakufunzi wanne, dereva na mlinzi ni watu sita. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika, kwa siku kumi, ni lita 300, yaani madumu kumi na matano ya lita ishirini. Yakae wapi? Nani anayabadilisha kila mwezi? Chakula kisichohitaji moto mwingi, dawa za kila mmoja, betri, redio ya kusikilizia, taulo za kike, orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwa kalamu. Mwezi wa kwanza wafungeni humo jioni moja kwa mazoezi, mkazime jenereta, muone kinachokosekana.

Na katika fomu usiandike kwamba Umoja wa Mataifa utawaokoa. Jioni ya Julai 11, 2016, siku hiyo hiyo kusitishwa kwa mapigano kulipotangazwa, askari wa serikali walivamia makazi ya Terrain walikokuwa wafanyakazi wa mashirika. Walimuua mwandishi wa habari wa Sudan Kusini, wakabaka, wakapiga, wakapora kwa saa kadhaa. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa umbali wa kama kilomita moja, waliokuwa ndani walipiga simu kuomba msaada, na kikosi hakikwenda. Uchunguzi ulioongozwa na jenerali mstaafu Patrick Cammaert uliukosoa vikali uongozi wa kikosi hicho, na kamanda wake akaondolewa. Shirikianeni nao kwa taarifa, jiandikisheni pia kwenye Jukwaa la mashirika lililoko Juba, lakini mpango wenu usimame kwa miguu yake.

Kuondoka, basi. Watu huandika "tutahamishwa kwa ndege" kama vile uwanja utabaki wazi. Khartoum, Aprili 15, 2023, uwanja wa ndege ulikuwa kwenye mapigano tangu asubuhi ya kwanza, na ndege za abiria ziliungulia chini. Wanafunzi wetu wa Kitanzania waliokuwa huko walitoka kwa mabasi hadi mpaka wa Ethiopia. Juba nayo mwaka 2016 mashirika ya ndege yalisitisha safari mapigano yalipopamba moto. Barabara ya Nimule kuelekea Uganda ni lami ya kilomita kama 190, na imeshambuliwa mara nyingi. Agosti 2021 masista wawili wa Kikatoliki waliuawa humo wakiwa safarini. Kwa hiyo ndege yenu ni ile ya kawaida, ya tiketi, ya siku ambayo watu wengine bado wanasema mmeogopa bure.

Hapo ndipo zinapohitajika alama za kusimama, na ziandikwe kabla ya safari, wakati kichwa kimetulia. Kwa mfano: kiongozi mkubwa mwenye askari akikamatwa au kufukuzwa, wote wanabaki nyumbani siku mbili. Milio ya silaha nzito ikisikika mjini, wawili wanaondoka kwa ndege ya kwanza itakayopatikana salama. Mashirika mawili makubwa yakipunguza watu, wenu nao wanatoka. Wewe wa Moshi huhitaji kuelezwa sana: umewaona waongozaji wa Kilimanjaro. Mgeni amelipa maelfu ya dola, kilele anakiona kwa macho, lakini muongozaji akipima oksijeni kidoleni na kukuta imeshuka, anamshusha. Hampigii simu mwenye kampuni. Mpe kiongozi wa wakufunzi wako mamlaka hiyo hiyo, kwa barua yenye sahihi yako, na umwongezee hili: hata mdogo kuliko wote akisema anataka kuondoka, anaondoka, na mkataba wake hauguswi.

Watu wako wataonekanaje machoni mwa wenyeji? Usidhani Kiswahili kinatosha kuwa kinga. Kinasaidia, kwa kuwa wengi waliishi ukimbizini Kenya na Uganda, na nchi yao iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini Januari 2025 ziliposambaa video za Wasudan Kusini wakiuawa Wad Madani, huko Sudan, vijana wa Juba walivamia maduka ya Wasudan wasiohusika kabisa, watu kumi na sita wakauawa nchini, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Uraia wa mtu unaweza kugeuka hatari kati ya asubuhi na jioni, kwa jambo lililotokea nchi nyingine. Swali la kalenda yako liwe pia hili: kuna ugomvi gani kati ya serikali zetu, au kati ya wafanyabiashara, unaoweza kuwaangukia?

Halafu kuna dereva, mlinzi na mkalimani mtakaowaajiri huko. Sehemu hii naiandika kwa uchungu, maana katika fomu nyingi huwa ni mstari mmoja. Duniani kote wafanyakazi wa misaada wanaouawa, wengi wao sana ni wenyeji. Desemba 2013 Wanuer wa Juba walisakwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila lao. Maelfu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa na wengine waliishi humo miaka. Mkufunzi wako atapanda ndege. Dereva atabaki na watoto wake Gudele. Kaa naye faragha, umuulize bila kumlazimisha ataje kabila: barabara gani hapiti, mtaa gani ana ndugu, akilazimika kujificha atahitaji nini. Weka kwenye bajeti mishahara ya miezi mitatu ambayo atapewa mkononi mambo yakiharibika, kabla benki hazijafungwa. Usimtume akachungulie barabara kwa niaba ya wageni.

Bima nitaipita haraka: omba kwa maandishi kama inalipa madhara ya vita na kama inalipa ndege ya wagonjwa hadi Nairobi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao waandikie barua uulize kuhusu wanaofanya kazi nje ya nchi. Usiridhike na jibu la simu.

Kuhusu wajibu wako kisheria, isome kesi ya Mahakama ya Wilaya ya Oslo ya Novemba 2015. Steve Dennis alitekwa kambini Dadaab Juni 2012 akiwa mfanyakazi wa Baraza la Wakimbizi la Norway; dereva Mkenya aliuawa, na waliotekwa wakaokolewa baada ya siku nne. Mahakama iliona mwajiri alifanya uzembe mkubwa, kwa kuwa hatari ilijulikana na hatua za kuipunguza zilikuwepo lakini hazikuchukuliwa, ikaamuru fidia. Ndiyo maana nakusihi usiandike hatua yoyote ambayo huna fedha au nia ya kuitekeleza. Kama gari la pili halimo kwenye bajeti, lisiwemo kwenye fomu, andika "tunahitaji gari la pili, bila hilo hatuendi."

Sasa mwandikie mfadhili. Mwombe wiki tatu ziwe nane na alipie safari ya siku tano ya watu wawili, wewe mwenyewe na kiongozi wa wakufunzi, kabla hujajaza chochote. Kabla ya hapo panda basi uje Arusha siku moja. Hapa wapo Wasudan Kusini, wafanyakazi wa Jumuiya na wanafunzi, nami nitakukutanisha na wawili waliokulia Juba. Ukifika kule, endesheni ile njia ya nyumba hadi hospitali saa ile ile watakayopita, mara mbili, hesabuni vizuizi. Nipigie picha za ukuta wa nyuma wa nyumba, mlango wa pili kama upo, tangi la maji, na chumba mtakachoambiwa ni salama, mlango ukiwa wazi. Uliza pia jenereta inakula lita ngapi kwa usiku na funguo za geti zinalala kwa nani. Ukinitumia hayo tutaijaza fomu pamoja kwa jioni moja.